Malalamiko Kuhusu Kicheko Katika Somo la Hesabu

Shule ya Machimboni,
Kati ya Ruiru na Thika,
17 Julai 1958.

Kwa Bwana Mkaguzi wa Shule,

Bwana Mkaguzi mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na jamaa yako, na kwamba baridi ya mwezi huu haikukushika kifua kama ilivyonishika mimi.

Nimepokea waraka wako unaotuuliza sisi walimu maoni yetu juu ya kutumia michezo kufundishia hesabu na sayansi. Waraka umeacha mistari minne ya kujibia. Nilijaribu kuitumia, nikaona hasira yangu haienei humo, kwa hiyo naandika barua.

Mimi naitwa Ephantus Kagwe. Nimefundisha hesabu hapa Machimboni miaka kumi na tisa. Nilipoanza, watoto waliandika kwa vidole mchangani chini ya paa la nyasi. Siku hizi tuna mabati, tuna ubao mweusi, na tuna Mwalimu Benta Apiyo. Huyo wa mwisho ndiye ninayemlalamikia.

Mwalimu Benta alitufikia mwezi wa Januari kutoka upande wa Nyanza, mume wake alipopata kazi Thika. Alipewa darasa la sita. Yuko katika mwaka wake wa kujaribiwa, na sisi sote tunajua kwamba maoni tutakayoandika yatatiwa katika faili lake. Nasema hivyo ili ujue kuwa siandiki kwa mzaha.

Kabla ya kuandika, tulifanya mkutano wa walimu. Mwalimu wa Kiingereza alisema michezo ni mizuri lakini mtihani hauulizi mchezo. Mwalimu wa darasa la kwanza alisema yeye amecheza na watoto miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwandikia waraka. Mwalimu Mkuu alisema anaunga mkono maoni ya waraka. Alipoelezwa kwamba waraka hauna maoni bali unayaomba, alisema basi atangoja waraka wa pili. Mwalimu Benta alikuwa anasahihisha madaftari, akasema tu, "Mimi nitakubali lolote mtakaloandika, mradi mje kwanza mtazame." Hakuna aliyekwenda. Mimi sikuhitaji kwenda kutazama, maana mambo yake yamekuwa yakinijia yenyewe, kama nitakavyoeleza.

1. Kicheko. Hesabu, Bwana Mkaguzi, ni somo la kukunja uso. Mwalimu wangu alilikunjia uso, nami nikalikunjia, na hakuna aliyedhurika. Darasa langu la saba na darasa lake la sita yametengwa kwa ukuta wa mbao. Ninapofika katikati ya desimali, upande wa pili wanacheka. Kingekuwa kicheko cha utovu wa adabu ningejua dawa yake. Hiki ni kicheko cha mtu aliyepata jibu. Wanafunzi wangu wote hugeuza shingo kuelekea ukutani, kama mbuzi waliosikia majani yakikatwa.

2. Duara. Mwezi wa Februari Mwalimu Benta aliwatoa watoto nje na kamba. Aliwaambia washindane: kila kundi litafute vitu vya mviringo, livizungushie kamba, kisha lipime upana wake katikati, na kundi litakaloona jambo linalojirudia ndilo litakaloshinda. Walipima vifuniko vya sufuria, ndoo, gurudumu la baiskeli yangu na kofia ya mwinjilisti. Vitu vya mviringo vilipokwisha, walikuja ofisini na kuniomba ruhusa kwa adabu sana, na kabla sijaelewa ninaombwa nini, nilikuwa nimezungushiwa kamba tumboni. Nilipatikana inchi arobaini na nne kuzunguka. Wakagawanya, wakatangaza kwamba upana wangu ni inchi kumi na nne. Mwalimu Benta aliwakumbusha kuwa tumbo la mwalimu si duara kamili, kwa hiyo jibu hilo ni la kukadiria tu. Nilimshukuru kwa hilo.

Lakini malalamiko yangu si tumbo. Msichana mmoja aitwaye Njambi, ambaye utamsikia tena, alinifuata na kuniuliza kwa nini ile ishirini na mbili juu ya saba hutoka katika kila kitu cha mviringo. Bwana Mkaguzi, nimeifundisha namba hiyo miaka kumi na tisa. Watoto wameiimba mbele yangu hadi wakaota ndevu. Siku zote nilidhani imeletwa na Serikali, kama ratili na yadi. Sikujua kwamba iko katika kifuniko cha sufuria ya mke wangu. Je, ni haki mwalimu mwenye cheti kujua jambo kama hilo kutoka kwa mtoto, tena akiwa amesimama, bila hata kiti?

3. Giuthi. Unaujua mchezo wetu huo wa mashimo na kokoto, ambao wazee huuchezea kando ya njia. Mwalimu Benta anauita ajua, kwa sababu kwao nao wanao, na watoto walibishana naye siku nzima juu ya jina kabla ya kukubaliana kucheza. Sheria yake ni kwamba huruhusiwi kugusa kokoto kabla hujasema ya mwisho itaangukia shimo gani. Ukiwa na kokoto ishirini na tatu na mashimo kumi na sita, lazima ujue kichwani kwamba utazunguka yote na zitabaki saba. Ukikosea, unapoteza zamu.

Nilikwenda kuukomesha. Mwalimu Benta aliniomba nicheze mara moja kwanza, ili nijue ninakomesha nini. Nilipangiwa kucheza na Njambi. Wakati huo Njambi alikuwa mtoto aliyekuwa ameshindwa kugawanya kwangu mwaka mzima uliopita, akiwa darasa la tano, na katika ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: "Hana kichwa cha hesabu." Alinishinda mara nne. Mara ya tano alinipa kokoto mbili za msaada. Sikuwa nimeziomba.

4. Ubao wa futi kumi na nne. Ubao huu ulibaki tulipoezeka kanisa. Mwalimu Benta aliuweka juu ya jiwe, katikati, watoto wakawa wanapanda huku na huku na kuandika nani amemwinua nani na kutoka umbali gani. Nilisikia wakisema mtoto mdogo anaweza kumwinua mtu mzima. Uongo wa namna hiyo ukiachwa katika shule ya Kikristo utaenea, kwa hiyo nilikwenda kuuvunja hadharani. Nilipimwa zahanati mwezi wa pili, nina ratili mia na themanini. Nikakaa juu ya ubao, futi mbili kutoka kwenye jiwe, mahali nilipoonyeshwa. Njambi, mwenye ratili sitini, akakaa mwisho kabisa upande wa pili.

Nikaenda juu.

Nilikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu watoto walikuwa wanaandika. Siku hiyo hiyo baba mkwe wangu alikuwa amekuja shuleni kunitafuta kwa habari ya ng'ombe. Alisimama langoni akanitazama nikining'inia, kisha akasema, "Nitarudi siku nyingine, naona una kazi." Hajarudi mpaka leo.

5. Maneno yangu mwenyewe kugeuzwa. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na naomba ulisome taratibu.

Baada ya jambo la ubao nilikuwa na uchungu. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilisema kwa sauti, mbele ya wazazi, "Darasa la sita siku hizi hawasomi. Ni mchezo mtupu." Nilitaka wazazi walalamike kwa Mwalimu Mkuu. Hawakulalamika. Wengi walicheka wakaenda zao. Ila baba yake Njambi, Mzee Mburu, mkata mawe wa hapa machimboni, aliyasikia akayabeba mpaka nyumbani.

Jumatatu kiti cha Njambi kilikuwa kitupu. Jumanne vilevile. Nilitarajia kufurahi, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta palikuwa na utulivu kidogo. Jumatano nilipita njia ya shamba la kahawa nikamwona. Alikuwa na kikapu, anachuma pamoja na wanawake. Aliweka kikapu chini, akanisalimu kwa mikono miwili kama anavyonisalimu siku zote, akaniambia, "Mwalimu, safu hii ina miti thelathini na moja, na safu ni arobaini. Nimezidisha kichwani, lakini sina mtu wa kuniambia kama nimepata."

Nikamwuliza amepata ngapi. Akasema elfu moja mia mbili na arobaini. Nikamwambia ni sawa.

Akaniuliza, "Basi nilikosa nini hata nikaondolewa shuleni?"

Nilikuwa na kifua siku ile, kwa hiyo nilikohoa badala ya kujibu. Nikaenda moja kwa moja mpaka machimboni kwa Mzee Mburu. Alikuwa peke yake, anasukuma jiwe la ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Nilimwambia mtoto arudishwe shuleni.

"Arudi kufanya nini?" alisema. "Wewe mwenyewe ulisema ni mchezo. Kama ni kucheza, atacheza kwenye kahawa, jioni tule."

"Nilisema hivyo," nikamjibu, "lakini nilikuwa na hasira."

"Atiriri, sikia, mwarimu," akasema, kwa upole tu. "Mimi sikusoma. Sijui ni lini mtu aliyesoma anasema kweli na ni lini ana hasira. Ningejuaje?"

Bwana Mkaguzi, hilo halimo katika cheti changu cha ualimu. Mzee Mburu akarudi kwenye kazi yake. Aliweka jiwe dogo chini, akapitisha mtaimbo juu yake, akaegemea mwisho wa mtaimbo kwa mkono mmoja, na jiwe lile kubwa likainuka kama mtu aliyeitwa. Nikajikuta ninasema, "Hilo. Hilo hasa ndilo wanalofundishwa. Mtoto wako anajua kwa nini jiwe limeinuka. Mimi nimeinuliwa na yeye."

Alilishusha jiwe. Akauliza, "Wewe? Njambi?"

Nikasema ndiyo. Nikaeleza habari yote ya ubao, na futi zake, na ratili zake, na baba mkwe langoni. Nilijisikia ninamtetea Mwalimu Benta kwa mdomo wangu mwenyewe, kinyume kabisa cha maoni yangu, na ndiyo sababu nalitia jambo hili katika malalamiko. Mzee Mburu hakucheka. Alisema atakuja kuona kwa macho yake, na kama ni mchezo, mtoto hatarudi tena.

6. Watu wasio na cheti kufundisha. Ijumaa alikuja, vumbi la mawe mpaka kwenye kope, na Njambi nyuma yake. Mwalimu Benta hakuulizwa wala hakujieleza. Alimpa kiti nyuma ya watoto, akaendelea na ubao wake. Mimi nilikuwa nimeacha darasa langu na hesabu za kunakili, nikasimama dirishani, kwa sababu za usimamizi.

Watoto walikuwa wanajaribu kuinua gunia la mchanga, na gunia lilikataa. Mzee Mburu alivumilia kitambo, halafu akanyanyuka, akasogea mbele bila ruhusa, akalisukuma lile jiwe la kuegemezea kwa mguu mpaka karibu na gunia. "Hapa," akasema. "Jiwe likae karibu na mzigo, wewe kaa mbali. Sasa sukuma."

Mtoto mdogo kuliko wote alisukuma kwa kiganja. Gunia likainuka.

Mwalimu Benta akamwuliza, "Baba Njambi, nani alikufundisha?"

Alifikiri. "Mgongo," akasema. "Ulinifundisha polepole sana. Ningekuwa na mwalimu, labda bado ningekuwa na mgongo."

Halafu akafundisha. Kwa nusu saa nzima, mtu asiyeweza kuandika jina lake alifundisha sayansi katika shule iliyosajiliwa. Aliwaeleza jinsi ya kusikiliza jiwe kwa nyundo ili kujua litapasukia wapi, na kwa nini kabari huwa nyembamba mbele na nene nyuma. Watoto walimwuliza maswali naye akawauliza yake, na pale alipokosa maneno, Njambi alisimama akamsaidia kwa namba. Baba alimtazama binti yake kama mtu aliyekuta chumba kingine ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alipomaliza alisema tu, "Jumatatu nitaleta mtaimbo mkubwa," akavaa kofia, akaenda. Njambi alibaki kwenye benchi lake.

Wiki iliyofuata alikuja fundi wa baiskeli kueleza mnyororo na meno ya gurudumu. Baada yake, mama mmoja mfinyanzi. Nauliza: tukienda hivi, cheti changu nikitundike wapi?

7. Mahudhurio. Tangu Ijumaa hiyo ya Mzee Mburu hakuna mtoto wa darasa la sita anayekosa shule bila kuumwa. Madawati hayatoshi. Wanafika kabla ya kengele na kunikuta sijafungua ofisi, jambo ambalo limenilazimu kuamka mapema. Mnyapara wa shamba la kahawa amekuja mara mbili kuuliza watoto wake wa kuchuma wamekwenda wapi. Na darasa langu la saba, ambalo lilikuwa limetulia vizuri miaka yote, limeniandikia barua yenye sahihi thelathini na nane kuomba nasi tutoke nje. Barua ina kosa moja tu la tahajia. Kuhusu hesabu, wameambatanisha jedwali la alama zao na za darasa la sita. Sitalinakili hapa.

Kwa sababu hizo saba, kwa heshima zote, naomba yafuatayo. Michezo yote katika hesabu na sayansi ipigwe marufuku Machimboni. Mwalimu Benta Apiyo ahamishiwe Ngoliba, ambako nasikia jua ni kali na watoto hawatakuwa na nguvu za kukimbia na kamba. Naye Mzee Mburu aandikiwe barua ya kumkataza kufundisha, au apewe cheti, lolote litakalowahi kufika.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na karani wako mwenye mwandiko mzuri, na yule dereva aliyetusaidia kutoa gari matopeni mwezi wa Aprili. Mke wangu Wangeci anakusalimu pia. Anasema asiingizwe katika mambo haya, lakini anauliza kama nitarudisha kifuniko cha sufuria.

Mimi niliye chini ya mamlaka yako, na niliye juu ya ubao kwa makosa ya wengine,

Ephantus Kagwe,
Mwalimu wa Hesabu.

Baada ya sahihi: Jumanne, 22 Julai.

Barua hii haikuondoka Ijumaa kama nilivyotaka, kwa hiyo naongeza machache.

Mtoto wa Mwalimu Benta ana surua, naye hakuja jana. Darasa la sita nikapewa mimi. Nilifundisha nilivyokuwa nikitamani nifundishe: ubao umejaa, vichwa vimeinama, hakuna sauti. Nilikaa katika ule utulivu nilioulilia miezi sita, nikausikiliza, na kwa kweli haukuwa na kitu ndani yake.

Leo asubuhi jua limetoka kwa mara ya kwanza wiki hii. Njambi akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ule mkaratusi wa kanisani una urefu wa futi ngapi?"

Nikasema, "Sijui." Sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya darasa tangu mwaka 1939. Nilingoja kitu kitokee. Watoto hawakucheka wala kunong'ona.

Njambi akasema, "Basi twende tukaupime."

Nikauliza tutaupandaje. Akaniambia hatuupandi, tunapima kivuli. Tukasimamisha fimbo yangu ya futi tatu, ambayo kazi yake ya kawaida sitaieleza, tukapima kivuli chake na kivuli cha mti, tukalinganisha. Nilisikia kengele ikilia mahali fulani, nikadhani ni ya shule nyingine.

Kwa hiyo, Bwana Mkaguzi, katika barua hapo juu, palipoandikwa "ipigwe marufuku" naomba pasomeke "iendelee", na palipoandikwa "Ngoliba" pasomeke "Machimboni". Katika faili la Mwalimu Benta tafadhali andika kwamba Kagwe, mwenye miaka kumi na tisa kazini, anaomba abaki, na kwamba kwenye ripoti ya Njambi kuna sentensi moja ya mkono wangu ambayo nimeifuta leo kwa wino mwekundu na kutia sahihi pembeni.

Ningeiandika upya barua yote, lakini kundi la Njambi limepata futi arobaini na tano na kundi langu limepata hamsini na moja, na hawataki kuamini kwamba mwalimu hakosei. Tunapima tena kabla jua halijageuka. Ninaitwa nje. Ni zamu yangu.

E.K.